Jiwe la Bwana Mluzi

Olasiti, 4 Agosti 1912

Kwa mdogo wangu Sifael,

Salamu nyingi zikufikie huko Moshi. Sisi hapa hatujambo. Kifua cha baba kimemwachia tangu baridi ipungue, naye anakusalimu. Yule ng'ombe mwekundu aliyekupiga teke utotoni amekufa, na mimi sikumlilia. Na wewe je, u mzima? Reli haijakumeza? Wapagazi wanaopita hapa wanasema karakana yenu inagonga vyuma mpaka watu wanaongea kwa mikono.

Nakuandikia kwa sababu maji yamekatika. Unamkumbuka yule mzungu wa buni, anayewaita watu kwa mluzi ule ule anaomwitia mbwa wake. Siku hizi jina lake ni Bwana Mluzi, hata watoto wanamwita hivyo. Amepanda buni mpya juu yetu, na mwezi uliopita alileta maksai na minyororo, akakokota jiwe kubwa akaliweka kwenye mlango wa mfereji wetu, pale mtoni ulipokuwa unakamata kaa. Maji yote yanakwenda kwake. Mfereji aliouchimba babu yake baba pamoja na wenzake sasa una vumbi. Migomba imeanza kuinamisha majani, na maharage ndiyo hata usiyaulize.

Nilimwuliza baba, maana yeye ndiye mzee wa mfereji, tutafanya nini. Akanijibu, "Tumeshafanya." Wamefanya nini, Sifael? Walikwenda wazee wote, wakamwambia Bwana Mluzi mbele ya mnyapara wake kwamba jiwe lile si halali, wakarudi nyumbani. Basi. Sasa wanakaa. Mimi kukaa nimeshachoka, na kiangazi bado kibichi.

Nijibu upesi. Barua mpe Jabiri mwenye punda, anakuja huko kila akipata mzigo wa chumvi.

Dada yako,
Anyesi


Moshi, 25 Agosti 1912

Dada Anyesi, shikamoo.

Barua yako nimeipata, Jabiri aliniletea pamoja na maneno yake mengi. Mimi mzima, ila kidole kimoja kimepoteza ukucha kwa nyundo. Nafurahi kusikia kifua cha baba kimepona. Ng'ombe mwekundu na apumzike, alikuwa na roho mbaya.

Ngoja nikupe habari moja. Fundi mkuu wetu ni Mdachi mkali, lakini Jumamosi tukimaliza kazi hupenda kutufundisha, anachora kwa chaki juu ya bamba la chuma. Juzi alituambia mimi na mwenzangu tusukume ukuta wa karakana. Tukasukuma mpaka jasho likatuchuruzika. Akauliza, mmefanya kazi kiasi gani? Tukasema, nyingi, bwana. Akacheka sana. Akasema kwa elimu yao ya nguvu na mwendo hatukufanya kazi hata chembe, kwa sababu ukuta haukusogea. Unaweza kusukuma kutwa, ukafa hapo hapo ukutani, na kama hakikusogea kitu, kazi yako ni sifuri. Mikono iliniuma mpaka Jumatatu, lakini nilikubali, maana hesabu yake ilikuwa wazi.

Basi nikisoma barua yako nawaona wazee wetu wamesimama mbele ya ukuta. Wamesema, jiwe limebaki. Sifuri. Wamekaa, jiwe limebaki. Sifuri tena. Nisamehe, si dharau. Lakini dada, jiwe halina masikio. Mwambie baba waende watu wenye mgongo walitoe, mambo yaishe.

Mdogo wako,
Sifael


Olasiti, 22 Septemba 1912

Kwa mdogo wangu mwenye hesabu,

Hatujambo, ila kwa njaa ndogo ndogo. Ndizi zinazokuja ni nyembamba kama vidole vya mgonjwa. Pole kwa ukucha.

Barua yako nilimsomea baba. Pale pa sifuri nilitaka kuruka, halafu nikaona aibu kumdanganya mtu asiyejua kusoma, nikasoma yote. Hakukasirika. Akasema: "Mwulize huyo Mdachi. Fisi yuko nje, mimi nimeushika mlango kwa ndani usiku kucha, na mlango haukusogea. Kumekucha, watoto na mbuzi wote wapo. Sijafanya kazi?" Haya, mjibu wewe uliyesoma.

Kuhusu kulitoa jiwe, umekaa mbali mpaka umesahau ya kwenu. Jiwe la mlango wa mfereji hutolewa na mkono uliolitia. Mwenye kuziba akishaambiwa mbele ya mashahidi, hakuna anayeligusa. Watu wanaacha kumsalimia. Nyumba yake ikishika moto hawaendi, mkewe akijifungua hawapeleki maziwa. Kila siku jiwe linapokaa, aibu yake inanenepa, mpaka yeye mwenyewe aje alitoe, alete na kondoo na pombe ya wazee. Na ukilitoa wewe uliyezibiwa, umemwondolea aibu yake. Umemsamehe. Ndivyo mzee Lesikar, naye aliyewahi kuziba, alivyoletwa mpaka chini, unakumbuka, alikuja analia kama mtoto.

Kwa hiyo tangu Julai watu wote wa mfereji hawamsalimii Bwana Mluzi. Anapita na farasi wake, watu wanatazama milima. Baba anasema tunamkaba shingo. Jana nimekutana na mnyapara wake, akaniambia bwana wake amefurahi sana siku hizi: watu wamekuwa na adabu, hawampigii kelele njiani, na kuhusu maji hawajalalamika tena, kwa hiyo wameridhika.

Nilicheka, halafu nikakasirika, mpaka sasa sijapoa. Nimemwambia baba kwamba shingo anayoikaba haina habari kwamba inakabwa. Akasema nina haraka kama wewe. Kati yenu wawili sijui nimpige nani.

Dada yako,
Anyesi


Moshi, 13 Oktoba 1912

Dada, shikamoo.

Mimi mzima. Fundi mkuu nilimwuliza habari ya fisi. Akasema fisi si swali la elimu ya nguvu. Nikamwona amekwama, lakini hakukubali.

Nimempa Jabiri mtaimbo akuletee. Ni mrefu kuliko mtu, ulikuwa umepinda, umetupwa nyuma ya karakana kwenye vyuma vya takataka. Nimeunyoosha motoni kwa mikono yangu. Fanya hivi: ncha iingize chini ya jiwe, weka jiwe dogo chini ya mtaimbo, karibu kabisa na lile kubwa, halafu shika mwisho ulio mbali na ukandamize. Upande mmoja ukishuka, mwingine lazima uinuke. Hata wewe peke yako na wanawake wenzako mtaliweza.

Na msiogope. Fundi ametufundisha pia kwamba ukisukuma kitu, nacho hukusukuma wewe kwa nguvu ile ile, si zaidi. Serikali nayo ni hivyo hivyo. Jambo dogo litajibiwa kwa dogo.

Mdogo wako,
Sifael


Olasiti, 30 Novemba 1912

Kwa Sifael,

Salamu. Nimekawia kuandika, utaona kwa nini. Mvua zimedondoka kidogo, za kulowesha vumbi tu. Baba anatembea, nashukuru kwa hilo.

Mtaimbo ulifika. Jabiri aliuburuza kwa punda mpaka hapa akilalamika njia nzima. Baba aliutazama, akaugusa kwa fimbo yake, akasema, "Chuma kizuri," akaniamuru niuweke darini. Nikauweka.

Mwezi huu Bwana Shauri, mzungu wa serikali pale Bomani, alikubali kuisikiliza kesi ya maji. Wazee walivaa ngozi zao safi. Baba alichuma majani mabichi, akaenda ameyashika mkononi, kama mtu anayekwenda kutafuta amani anavyotakiwa. Bwana Shauri akamwambia askari ayachukue majani yale ampe farasi. Farasi akayala hapo hapo, wazee wanatazama. Kisha mkalimani akauliza: jiwe limekaa tangu Julai? Ndiyo. Mmewahi kulitoa? Hapana. Mmejaribu? Hapana, hatuligusi. Bwana Shauri akafunga mdomo wa kalamu yake. Akasema mtu aliyenyang'anywa kitu hujaribu kukirudisha. Ninyi hamkufanya lolote, maana yake mlikubali. Maji ni ya Bwana.

Baba alirudi ameukunja mkono ule uliokuwa na majani, kana kwamba bado yamo. Sijawahi kumwona hivyo. Nilitaka kumwambia, "Nilikuambia," lakini nikampa kigoda akae.

Basi watu wakaamua wasiende tena kulima buni ya Bwana Mluzi. Hakuna aliyepiga mtu, hakuna aliyevunja kitu. Watu walikaa majumbani, ndilo kosa lao lote. Askari wakaja. Waliwachukua wanaume nyumba kwa nyumba, kila mmoja akapigwa viboko hamsa ishirini mbele ya wake zake. Lesikar hawezi kulala chali mpaka leo. Na Bwana Mluzi ameleta Wanyamwezi kutoka mbali, watu wa mkataba, maskini nao hawajui wameingizwa katika ugomvi gani. Buni inalimwa kama kawaida.

Kwa hiyo ile elimu yako ya kusukumana sawasawa, mrudishie mwenyewe. Inafaa kwa vyuma. Serikali tuliigusa kwa kidole, ikatujibu kwa ngumi.

Dada yako,
Anyesi


Moshi, 5 Januari 1913

Dada Anyesi,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Mimi mzima wa mwili.

Barua yako niliisoma nikaitupa, nikaiokota, nikaisoma tena. Lesikar amenibeba mgongoni mimi. Nimekasirika mpaka nimeharibu kazi, fundi mkuu amenikata mshahara, sijali.

Lakini nimekasirika na ninyi pia, acha niseme. Mmeonewa, mmepigwa, njaa inawatafuna, na mtaimbo uko darini unaota moshi. Kama ni kupigwa, mngepigwa mkiwa na maji. Baba amekuwa jiwe kuliko jiwe lenyewe. Anamngojea Mdachi aone aibu kwa sheria ambayo Mdachi hajawahi kuisikia. Nimechoka. Usiniandikie tena habari za jiwe hilo mpaka limetoka.

Sifael


Olasiti, 23 Februari 1913

Sifael,

Ulisema nisikuandikie mpaka limetoka. Limetoka.

Hatujambo sana. Jua la mwezi huu limechoma kila kitu, na mtoto wa Nosim, jirani yetu, alikuwa anaharisha kwa maji ya dimbwi ambamo ng'ombe wanajisaidia. Hilo ndilo lililonitoa. Nilipanda darini, nikaushusha mtaimbo, nikamwita Nosim, Sinyati na wengine, tukaenda mchana kweupe, wanaume wote wenye nguvu wakiwa kwenye kazi ya barabara ya serikali. Nilifanya kama ulivyoandika. Jiwe dogo karibu, mkono mbali. Nilijua hatutaweza, nilikwenda ili nikate tamaa vizuri. Sifael, lilinyanyuka kama kifuniko cha chungu. Tukasukuma, likabingirika mpaka katikati ya mto. Maji yakaingia kwenye mfereji na vumbi lote mbele yake, nasi tukakimbia pembeni yake tukipiga vigelegele mpaka nyumbani. Sijawahi kufurahi hivyo tangu nizaliwe.

Baba alikuwa ameketi mlangoni. Aliyaona maji yakipita. Hakuyagusa. Akaniuliza, "Nani amelitoa?" Nikasema, mimi. Akasema, "Basi tumemsamehe." Kisha akaingia ndani.

Nimekaa hapa nashindwa kujua kama nimefanya jambo au nimeliharibu. Migomba inakunywa. Mtoto wa Nosim amepona. Na baba hasemi nami.

Kuna moja zaidi. Tulipokimbia na maji, mtaimbo tuliuacha ukingoni. Nilirudi kuuchukua jioni, sikuukuta.

Dada yako,
Anyesi


Moshi, 16 Machi 1913

Dada yangu,

Sina nafasi ya salamu, nisamehe. Jabiri anaondoka sasa hivi.

Mtaimbo una alama ya reli, imepigwa kwa chuma karibu na mwisho. Nilipounyoosha niliiona na sikufikiri. Imekuja barua kutoka Bomani kwenu kuuliza umefikaje kwenye mto wa Meru. Fundi mkuu ametupanga mstari, akauliza mmoja mmoja. Nilisema sijui, kwa sauti ambayo hata mimi nisingeiamini. Alinitazama muda mrefu, akapita. Lakini yeye anajua nimetoka Arusha, na alikwisha kunisikia nikiuliza habari za milango na fisi.

Wanauita wizi wa mali ya serikali. Najua wataanza kupiga watu hapo tena mpaka mtu aseme. Nakuja, mara tu tutakaporuhusiwa kutoka hapa. Nitasema nilituma mimi, na ulitumika kwa maneno yangu. Wewe usiseme lolote. Mwambie baba anisamehe kwa ile barua ya Januari, kama ulimsomea.

Mdogo wako,
Sifael


Olasiti, 20 Aprili 1913

Kwa mdogo wangu Sifael,

Usije. Nalitanguliza hilo kabla ya salamu. Jabiri ameahidi kukupa barua hii mkononi na kukusimamia mpaka uisome, kisha uichome.

Hatujambo, wale tuliobaki nyumbani. Mvua zinanyesha.

Askari walikuja Jumatatu, Bwana Shauri mwenyewe akiwa juu ya farasi, mtaimbo umefungwa kwenye tandiko. Walitukusanya wote wa mfereji, wakatukalisha chini. Mkalimani akasema aliyelitoa jiwe na aliyeuleta mtaimbo wajitokeze, la sivyo wataanza na Lesikar, mgongo wake ule ule. Nikainuka ili niseme. Baba alikuwa nyuma yangu. Akaniambia kwa lugha yetu, polepole, "Kaa." Nikakaa, Sifael. Sijui kwa nini nilikaa. Nalichukia neno hilo kuliko yote duniani, nami nikalitii.

Yeye akasimama. Akasema alikwenda Moshi kumwona mwanawe, akakiona chuma kimetupwa, akakichukua bila mwanawe kujua. Akasema na jiwe alilitoa yeye. Mzee yule, kifua kile, kulitoa jiwe lililovutwa na maksai. Mkalimani mwenyewe alitabasamu. Lakini Bwana Shauri alitaka mtu, akapata mtu. Watu wote wa mfereji walimsikia baba yetu, aliyekataa kuligusa jiwe miezi yote hii, akitamka kwa kinywa chake kwamba mzee wa mfereji ndiye amelitoa. Unajua kwetu maana yake nini. Bwana Mluzi amesamehewa kila kitu mbele ya mashahidi, na hata hana habari. Alipomaliza aliinamisha kichwa mbele ya wazee wenzake, na haikuwa kwa hofu.

Jiwe wamelirudisha, mara hii kwa saruji. Baba yuko kwenye mnyororo na wafungwa wengine, wanatengeneza barabara ya kwenda Ngarenaro. Nampelekea chakula. Kazi yake ni kusukuma mawe kutoka mtoni mpaka njiani, na mawe yanasogea. Kwa hesabu ya Mdachi wako, baba yetu sasa ndiyo anafanya kazi.

Nimekuandikia hilo kwa uchungu, si kukuchoma. Nimechomeka mwenyewe.

Jana askari wa zamu alikuwa mwema, akaniacha niongee na baba. Nilimwambia unataka kuja kusema kweli. Alikasirika mpaka akakohoa. Akasema, ukija, watakufunga wewe na yeye hawatamwachia, na uongo wake utakuwa umekwenda bure, naye hana mwingine wa kuutoa. Akasema uendelee na kazi, ule, ulale, ukiulizwa usijue. Nikamwambia Sifael hawezi kukaa, baba, hajaumbiwa kukaa. Akaniambia nikuandikie maneno haya tu: "Fisi yuko nje. Ashike mlango."

Dada yako,
Anyesi


Moshi, 29 Juni 1913

Dada Anyesi, shikamoo.

Natumaini u mzima, na baba anapata kitu cha kujifunika, maana baridi imeingia. Nimempa Jabiri blanketi. Kama askari yule mwema bado yupo, mpe yeye amfikishie.

Mimi nipo. Fundi mkuu haniulizi tena. Jumamosi anachora kwa chaki, nami nasimama nyuma ya wenzangu. Kila treni ikisimama naona miguu yangu inataka njia ya Arusha, na kila siku narudi kwenye tanuru. Watu hapa wanasema nimekuwa mpole. Mmoja ameniambia nimekua.

Mwambie baba mlango haujasogea. Mwambie na mikono inaniuma.

Mdogo wako,
Sifael